Taswira Isiyo na Macho

Wametusimulia waliotutangulia ya kwamba katika kasri la mfalme wa Wachina aliishi mchoraji mzee, mtu wa ibada, jina lake Shen Daoqing. Kazi yake ilikuwa kuchora taswira za Budha juu ya hariri. Naye alikuwa na nadhiri: tangu aanze taswira hadi aimalize hagusi nyama wala mchuzi wake. Macho huyachora mwisho kabisa. Nadhiri ikivunjika, hufunga upya siku arubaini ndipo aendelee.

Ikawa mama yake mfalme ameugua, na haja yake duniani ni moja tu: asujudu mbele ya taswira mpya kabla ya kufa. Shen akachora usiku na mchana, yakabaki macho. Asubuhi akaletewa uji wa mchele kutoka jikoni, akaunywa akili yote ikiwa kwenye kazi. Bakuli lilipokwisha ndipo akaisikia ulimini ladha ya kuku. Lahaula! Moyo ukampasuka.

Akamweleza towashi Gao, msimamizi wa kasri, naye akamsogelea. "Mzee Shen, nani aliyekuona? Bibi, mama yake mfalme, yu mahututi, na zimebaki nukta mbili tu za wino. Mfalme akisikia, huna shingo."

Shen alikuwa akiipenda shingo yake, kama mimi na wewe. Hata hivyo akaiweka brashi chini. "Bwana Gao, niliyekula ni mimi, na ninajua."

Mfalme alipoambiwa alifoka. "Mama yangu anakata roho, nawe waniletea habari za uji!" Akaamuru mzee atiwe minyororo.

Bibi akasema pale kitandani, kwa sauti iliyokwisha: "Mwache, mwanangu. Ileteni taswira hivyo hivyo, bila macho. Miaka themanini watu wananidanganya mchana kweupe ili nifurahi. Leo nimempata mmoja asiyetaka kunidanganya hata ninapokufa."

Ikaletwa. Akasujudu kwa kuinamisha kichwa tu, maana mwili ulikataa. Siku ya tatu akafariki.

Shen akafunga siku zake arubaini, kisha akayachora macho. Mfalme alisimama nyuma yake muda wote.

Sisi je, ndugu zangu? Mara ngapi tumesema Mola ni mwingi wa rehema, na hali bado tunatafuna tulichokatazwa?