Ufito wa Dhakwani na Kiu ya Sahba

Imetufikia kutoka kwa waliotutangulia, nao waliipokea kwa waliowatangulia, kwamba katika mji mdogo wa Wadi Talha, njiani baina ya Yemeni na Hijazi, aliishi mja wa Mungu aitwaye Dhakwani bin Rafii. Ujana wake aliumalizia safarini. Alifika Damaski, akafika Samarkandi, na mwenyewe alikuwa akisema kwamba amelala katika misikiti mia na kuumwa na viroboto wa madhehebu yote. Alipotimiza miaka hamsini magoti yakamshauri atulie, akatulia.

Alikuwa mtu wa utani, na aliyemtania zaidi ni nafsi yake. Lakini kwenye twahara hakuwa na mzaha. Kanzu yake ilikuwa nyeupe ya kuumiza macho, na kwa miaka kumi na miwili hakukosa kusimama safu ya kwanza, nyuma ya bega la kulia la imamu, hata watu wakapaita pale mahali "kwa Dhakwani".

Mwaka mmoja mchungaji wa mbuzi wa wakfu alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mbuzi wale walikuwa arubaini, mali ya msikiti, na maziwa yao ni riziki ya wasafiri na mayatima. Imamu Nuaimu akamkabidhi Dhakwani amana hiyo, na pamoja nayo mbwa wa marehemu, jike lenye rangi ya udongo mwekundu, jina lake Sahba.

"Mbuzi nimewapokea," akasema Dhakwani. "Na huyu nimfanyeje?"

"Mtunze," akajibu imamu. "Naye ni katika amana."

Basi Dhakwani akamtunza kwa kadiri alivyoelewa. Alijua kwamba mate ya mbwa ni najisi, na kwamba chombo akikiramba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Akavihofia vyombo vya maziwa ya wasafiri, akaihofia kanzu yake, akauhofia na msala wake. Akamfunga Sahba kwenye nguzo ya uani kwa kamba fupi ya dhiraa tatu. Akakata ufito mrefu wa mtende, na kwa ncha ya ufito huo akawa anamsukumia chakula na bakuli la maji kutoka mbali, kama mwokaji anayesukuma mkate ndani ya tanuri. Mbwa akimsogelea kwa furaha, alirudishwa kwa ufito uleule. Nia ya Dhakwani ilikuwa njema, na wema wa nia ndio uliomfichia kosa.

Kila asubuhi aliwatoa mbuzi peke yake. Sahba, ambaye tangu akiwa mtoto wa mbwa alizoea kuwazunguka mbuzi wale mlimani, akabaki anaivuta kamba na kulia. Huko malishoni, mtu aliyevuka majangwa mawili akakimbizwa na beberu mmoja mwenye pembe iliyokatika, hata kilemba chake kikabaki juu ya miiba ya mgunga.

Ikapita miezi. Sahba akawa anabweka mchana kutwa, akachimba mashimo, akaitafuna nguzo. Jirani yake alikuwa mjane mmoja, Bi Rayta, mzaliwa wa mahema ya mabedui. Siku moja akachungulia juu ya ukuta.

"Shehe Dhakwani, mbwa wako analia."

"Anabweka, Bi Rayta. Ndiyo kazi yake."

"Mimi nimekua na mbwa mlangoni kwetu. Huyo hana kazi, ndiyo maana analia. Tena ikifika adhuhuri kivuli kinamhama, naye kamba haimruhusu kukifuata."

"Nitalitazama."

"Baada ya safari gani tena?" akauliza Bi Rayta, akashuka.

Dhakwani akacheka, na kwa vile alicheka, akasahau.

Ikawa siku moja ya kiangazi, wakati wa alasiri, Sahba alikanyaga bakuli na maji yakaurukia msala wa Dhakwani uliokuwa umeanikwa. Dhakwani akalivuta bakuli kwa ufito mpaka nje ya mwisho wa kamba, akikusudia kulirudisha akitoka msikitini. Kule msikitini palikuwa na wageni, wakamwomba awasimulie chochote. Akawasimulia hadithi ile ya mja aliyemkuta mbwa kisimani akilamba udongo kwa kiu, akamnywesha, akasamehewa. Akaisimulia vizuri mno. Wageni wakatokwa na machozi, na Dhakwani naye akayafuta ya kwake kwa ncha ya kilemba. Akarudi nyumbani moyo umejaa, akalala. Bakuli likabaki pale alipoliacha, hata alfajiri alipotoka na mbuzi.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, muadhini Shadadi alikuja uani kuwachukulia wageni maziwa. Alipopita karibu na nguzo akiwa amebeba mtungi, Sahba akamrukia, akaling'ata joho lake na kulirarua pindo zima. Shadadi akatoka mbio, na sauti ile ambayo Mungu alimjaalia kwa ajili ya adhana ikautangazia mji kwamba mbwa wa wakfu ameshikwa na kichaa.

Dhakwani alipoitwa kutoka malishoni alikuta uani wanaume wenye mawe, mmoja ana mkuki, na imamu katikati yao. Wale wageni wa jana walikuwa mlangoni. Sahba alikuwa ameinama kwenye nguzo, macho mekundu, povu mdomoni.

"Mate yake yamegusa mwili wako?" imamu alikuwa akimuuliza Shadadi.

"Joho tu, Shehe. Lakini mtazame mwenyewe."

Mwenye mkuki akasema, "Mbwa mwenye kichaa huyakimbia maji. Tumjaribu, tusimwue kwa dhana."

Shauri lilikuwa la haki. Dhakwani akajaza bakuli, akachukua ufito, akalisukuma mbele ya mbwa. Sahba akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nguzo, mkia chini ya tumbo, anatetemeka.

"Mmeona?" akasema Shadadi. Wanaume wakainua mawe.

Dhakwani alikuwa bado ameshika ufito. Mkono ulimchoka, ncha ikaenda kulia, na macho ya Sahba yakaenda kulia. Akaipeleka kushoto, yakaenda kushoto. Macho yale hayakuwa kwenye bakuli hata kidogo. Hakuna mwingine aliyeona. Ilitosha kunyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, na ua wake ungekuwa safi, na msala salama, na jina lake lingebaki jinsi lilivyokuwa tangu jana.

"Ngojeni," akasema. "Hayakimbii maji. Ananikimbia mimi."

Wakamgeukia.

"Huu ndio ufito ninaomfukuzia. Tangu jana alasiri hajanywa tone. Bakuli nililiondoa mimi, kwa ajili ya msala, kisha nikaja kuwaliza kwa habari ya mbwa mwenye kiu."

Mgeni mmoja akakohoa, akaangalia viatu vyake.

"Basi mnyweshe," akasema Shadadi mwishowe, akiwa amelishika pindo lake. "Akikuuma, nitatangaza msiba wako mimi, na bila ya ujira."

Kutoka juu ya ukuta Bi Rayta akasema, "Utupe huo ufito. Keti chini karibu naye, umpe ubavu, usimkazie macho. Ulishike bakuli mwenyewe."

"Niketi hapa? Pachafu."

"Yeye ameketi hapo miezi mitatu."

Dhakwani akautupa ufito. Akaketi, kanzu nyeupe juu ya ule mchanga uliochimbwa, bakuli mkononi, ndani kabisa ya urefu wa kamba. Alijua kwamba kama si kiu na ni kichaa kweli, basi na yeye ameshakwisha. Jua likasogea. Sahba hakusogea. Shadadi akaenda, na baada ya kitambo adhana ikasikika. Miguu ya Dhakwani ikataka kuinuka yenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili. Akamtazama imamu.

"Wakati wa adhuhuri ni mpana," akasema Imamu Nuaimu. "Kiu yake ndiyo iliyobana." Akaondoka na watu, ila mwenye mkuki akabaki mlangoni kwa tahadhari.

Dhakwani akaanza kusema polepole, kama anayezungumza na mwenzake wa safari. "Mimi ni Dhakwani, bibi. Nimeumwa na viroboto wa madhehebu yote. Ukiniuma na wewe, utakuwa umenikamilishia elimu. Lakini ukinywa nitafurahi zaidi."

Mkono ukafa ganzi. Akaubadilisha. Ndipo akasikia mchanga unakwaruzwa: Sahba anakuja kwa tumbo, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Akanusa mkono wa kanzu. Akanusa bakuli. Kisha akanywa. Ulimi ukapiga maji, ukapiga na vidole vya Dhakwani, matone yakaruka juu ya kifua cheupe. Akalimaliza bakuli lile, na la pili alilokuja kulisogeza Bi Rayta, na nusu ya la tatu. Halafu akalaza kidevu chake, kikiwa kimelowa vile vile, juu ya goti la Dhakwani.

Dhakwani hakulisogeza goti.

"Kichaa gani hiki cha kunywa mabakuli mawili na nusu," akasema mwenye mkuki, akaushusha mkuki.

Alipokwisha kujitwaharisha, Dhakwani alifika msikitini watu wameshatoka. Akasali mwisho kabisa, karibu na viatu. Imamu alimsubiri.

"Mkono nimeuosha mara saba, moja kwa udongo," akasema Dhakwani. "Na kanzu vilevile. Lakini ile kiu ya jana, Shehe, nitaioshaje?"

Imamu akajibu, "Hiyo haioshwi kwa siku moja. Angalia bakuli lake kesho, na keshokutwa, na siku zote alizobakisha."

Wakamchunguza Sahba siku kumi, wakamwona hana ila. Dhakwani akalishona joho la Shadadi kwa kitambaa cha kilemba chake mwenyewe, vibaya, na Shadadi akalivaa hivyohivyo ili apate la kusema. Vyombo vya maziwa vikapandishwa juu ya chanja na kufunikwa, jambo ambalo lingewezekana tangu siku ya kwanza. Dhakwani akatenga kanzu ya mbuzi na kanzu ya sala. Bi Rayta akamfundisha kutomgusa mbwa anapokula, kumtoa miiba miguuni jioni, na kuwakataza watoto wasimchokoze. Na Sahba akarudishwa mlimani kwenye kazi yake. Yule beberu wa pembe iliyokatika alijaribu ukaidi asubuhi ya kwanza tu. Jioni mbwa alirudi amechoka, akanywa, akajilaza, na mtaa ukapata kusikia tena mlio wa njiwa.

Ule ufito ukawa pao la kibanda cha kivuli alichojengewa Sahba.

Na wamesimulia kwamba tangu hapo, wageni walipomwomba Dhakwani ile hadithi ya mbwa na kisima, aliwaambia, "Nipeni kitambo." Akaenda nyumbani, akatazama bakuli, akarudi, ndipo akasimulia.

Basi ndugu yangu, chunga twahara yako, maana ni nusu ya imani. Ila kiumbe kilichofungwa kwa kamba yako hakina mlango wa kubisha isipokuwa wako. Kikilia, kabla hujasema kina kichaa, angalia kwanza wewe umeshika nini mkononi. Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuona, na bakuli lisilokauka.