Harusi Iliyoitwa Nyumba ya Wageni

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwao, maana mwisho wa hadithi hii sitamwacha mtu bila kumwuliza.

Bi Hadia alikuwa mjane mwenye nyumba moja na watu watatu wa kuwategemea. Mwanawe wa kwanza, Shekuwe, alijaliwa subira. Huyo hata maji yasiyo na moto chini angeyasubiri yachemke. Binti yake Mwanamvua alijaliwa maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Na Mwajabu, mke mpya wa mwanawe wa mwisho, alijaliwa kutoona haya. Wengine huita hiyo kasoro. Tulieni.

Mkosi ulianza siku ya harusi ya huyo Mwajabu. Ukuta wa mbele ulipigwa rangi, wa nyuma ukaachwa, kwani mgeni huingilia mbele. Ndugu walijaa, magodoro kila chumba, ndoo zimepanga foleni bafuni. Ndipo akapita mthamini wa halmashauri. Akahesabu vyumba, akamwona mjomba anatoka na taulo shingoni, akaandika: nyumba ya wageni. Kuuliza hakuuliza, ila pilau alikula.

Kodi ilipokuja, ilikuwa ya biashara. Bi Hadia alisomewa, akaomba asomewe tena. Aiuze nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe? Aende wapi na uzee huu?

"Atakayeniokolea nyumba," aliapa, "chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ni chake." Chumba hicho wote watatu walikuwa wakikitamani.

Shekuwe akapeleka rufaa. Karani akamwambia njoo kesho. Kesho yake akamwambia vilevile. Shekuwe akawa anakuja, anakaa kwenye benchi, anamtazama, hata karani akashindwa kula mihogo yake mbele ya macho yale. Siku ya mwisho ya kupokea rufaa, karani alichoka kabla yake, akagonga muhuri. Siku moja zaidi, na mlango ungefungwa.

Mbele ya kamati ya rufaa, mwenyekiti alikuwa ameshaanza kulifunga jalada Mwanamvua aliposimama.

"Mheshimiwa, kwenu hamjawahi kuozesha?"

"Tumeozesha."

"Wageni mliwalaza wapi?"

"Humohumo ndani, magodoro chini."

"Mkawatoza?"

Kamati ikaangua kicheko. Mwenyekiti akajitetea kidogo, kisha akakubali kwenda kuiona nyumba kwa macho yake.

Basi siku ya kamati kuja, majirani waliosikia kuwa mwenzao ana mtihani walikuja tangu asubuhi kumliwaza, kila mmoja na mkeka wake. Kamati ikaikuta nyumba imejaa pomoni!

"Mama," mwenyekiti akauliza mlangoni, "na leo ni harusi?"

Mwanamvua akaanza kueleza, mikeka ikamkanusha. Shekuwe akasubiri tu. Mwajabu akafunga kanga kiunoni. "Wazee, piteni huku nyuma."

Bi Hadia akamshika mkono. "Mwanangu, nyuma usiwapeleke! Nakuomba!"

Nyuma ndiko alikoificha aibu yake: ukuta wa udongo uliobonyea, ukashikiliwa na gogo, na vyumba viwili ambavyo paa lake lilishaondoka na upepo. Hata mashoga zake wa miaka yote hawakupajua. Mwajabu akaufungua wazi mlango wa nyuma, mbele ya kamati na majirani. Mwenyekiti akachungulia, akarudi nyuma haraka asije akaangukiwa.

"Hapa hata mgeni wa bure hangelala," akasema. Akafuta nyumba ya wageni, akaandika makazi, na kodi ikashuka hadi Bi Hadia anapoweza.

Bi Hadia alilia, akacheka, akalia tena. Nyumba imebaki! Usiku huo alilala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu harusi.

Asubuhi akawakuta wote watatu mlangoni pa chumba cha mbele.

"Mama, bila muhuri kusingekuwa na kesi," akasema Shekuwe.

"Na bila mimi kesi ingefia mezani," akasema Mwanamvua.

Mwajabu akapiga magoti. "Mama, nimekuvunjia heshima mbele ya watu. Nisamehe." Kisha akainua uso. "Lakini chumba nakitaka."

Bi Hadia akasimama na ufunguo mkononi, moyo mweupe kwa furaha, na mashavu bado yanamwaka kwa haya.

Msiniambie wagawane, chumba si mkate. Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe unayejificha nyuma yake: ungekuwa Bi Hadia, ufunguo ungempa nani?