Kitambaa cha Asumini

Ukiuhusudu mkono, kiulize kifundo. Jana mliisikia kwa shangazi yenu mkacheka, mkaona ni maneno ya wazee wasio na kazi. Methali hii ilianza hivi, na walioianzisha walikuwa na kazi nzito kuliko mtakayowahi kuifanya nyinyi.

Palikuwa na banda la kubangulia korosho huko kusini, upande wa Lindi. Wanawake thelathini, kila mmoja na jiwe lake na nyundo yake ya mti. Unaweka korosho juu ya jiwe, unaigonga, unaigeuza, unaigonga tena, unatoa kiini bila kukivunja. Kutwa nzima mkono ule ule, pigo lile lile. Waliimba ili waende pamoja, na wimbo ukiisha, mkubwa wao Bi Fatu alisema, "Tua." Hapo nyundo ziliwekwa chini, wakakandana mikono kwa mafuta ya nazi, ndipo wakaanza wimbo mwingine. Aliyejaza ndoo kwanza leo ndiye aliyekalia kiti cha mbele kesho na kuanzisha nyimbo.

Kwa miaka mitatu kiti hicho kilikuwa cha Asumini. Na kwa miaka mitatu Somoe alikuwa akikitazama.

Wawili hao walichezwa unyago mwaka mmoja, wakaolewa msimu mmoja, wakaingia bandani siku moja, kwa hiyo Somoe aliona amedhulumiwa. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila alichofanya Asumini kilikuwa kosa. Hampi mtu mkono wakati wa salamu: anaringa. Ndoo yake anabebewa: kajifanya malkia. Bi Fatu akisema "Tua", yeye haweki nyundo, anaendelea kugonga peke yake, na hakuna anayemkemea. Na kile kitambaa cha kaniki alichojifunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia, Somoe alikwisha kukihukumu. Hiyo ni dawa, kafungwa na mganga.

"Mganga gani huyo?" wenzake walimuuliza.

"Asumini angekuwa na roho nzuri angetuambia," alijibu.

Basi naye akachana kaniki akajifunga, akaacha kutua. Wenzake wakikandana, yeye anagonga. Baada ya miezi minne akawa anapitwa na Asumini kwa kiganja kimoja tu cha korosho. Vidole vilianza kumfa ganzi alfajiri, akavikung'uta na kusema ni baridi. Alikuwa na furaha mno hata asiyasikie maumivu.

Kilichobaki ni jina la mganga. Mchana wa Ijumaa, banda likiwa limefungwa, alikwenda kwa Asumini kulidai. Alipiga hodi, akaingia uani, akamkuta Asumini amekaa mkekani, wifi yake anamkatia tonge na kumtia mdomoni.

"Hata tonge unalishwa, mwenzetu," alisema Somoe. "Hongera."

Asumini alimwomba wifi yake awapishe. "Umekuja kunicheka, au una shida?"

"Nataka jina la aliyekufunga hicho kitambaa."

"Nimejifunga mwenyewe."

"Usinifiche, Asumini."

Asumini akakifungua kwa meno. Kifundo kilikuwa kimevimba, na nyama ya chini ya kidole gumba ilikuwa imekwisha, pamebonyea. Akaokota kipande cha muhogo sahanini. Kikamtoka vidoleni, kikaanguka.

"Bila kitambaa siwezi kushika nyundo," alisema. "Na nikiiweka chini mnapotua, sitaweza kuikamata tena. Ndiyo maana situi."

"Ilianzaje?"

"Ganzi tu, alfajiri. Nikasema ni baridi."

Somoe akauficha mkono wake ndani ya khanga. "Mbona hukusema?"

"Ningesema, kiti ungekikalia wewe. Nilikuwa nakuona unavyokitazama." Kisha Asumini akasema bila kumwangalia, "Na mimi nilikuwa nakutazama ukimsuka binti yako barazani. Wangu anasukwa na jirani. Nilikuonea wivu, Somoe, mpaka nikakuchukia."

Somoe alikaa mkekani, akanawa, akakata tonge, akamlisha mwenzake mpaka sahani ikaisha.

Jumatatu Asumini hakuja bandani, na Bi Fatu akamwambia Somoe akalie kiti cha mbele. Msidhani hakukitaka. Alikitaka vilevile, nami sitawadanganya. Alikaa, akaanzisha wimbo, na ulipoisha yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka nyundo chini. Akanyoosha mkono wenye ganzi ukandwe, mbele ya wote. Siku hiyo ndoo yake haikujaa kwanza, na kesho yake kiti kilikuwa cha mwingine. Vidole vya Somoe vilichukua miezi kupona. Nyama ya kidole gumba cha Asumini haikurudi kamwe.

Wivu nao haukuhama bandani, kwa maana wivu hauna kwao pengine ila kwa watu. Siku moja mwanamke mgeni alimnong'oneza Somoe kwamba yule anayekaa mbele hakosi kuwa na dawa, haiwezekani mkono wa mtu uende vile. Somoe alimtazama yule wa mbele, akaona anavyokung'uta vidole kila baada ya pigo. Akaweka nyundo chini, akainuka kumfuata yule wa mbele amkande mkono, na alipokuwa akipita akamwambia yule mgeni, "Ukiuhusudu mkono, kiulize kifundo."