Jini Aliyekosa Jibu Jukwaani

Alikuwapo Sultani Ghalibu bin Shamisi katika mji wa Kausari, na watu wa mji huo walipenda michezo ya jukwaani hata kuliko chakula, na desturi yao ilikuwa mtazamaji asiyeridhika husimama akamuuliza mchezaji, na mchezo hausogei mpaka ajibiwe. Basi mchezaji mmoja, Mahfudhi, akathubutu kumwigiza Sultani amelala barazani huku raia wakilia kiu, na uwanja ukaangua kicheko, na Mahfudhi akatiwa gerezani.

Mchumba wake Zuwena, kiongozi wa kundi lile, akajitupa miguuni pa Sultani.

"Maulana, mwachie. Hana kosa ila kazi yake."

"Niigizeni tena kesho mbele yangu," akasema Sultani. "Mchezo ukimchekesha hata mtu mmoja, Mahfudhi atakufa."

Zuwena akarudi nyumbani roho mkononi, akaisugua pete aliyorithi kwa bibi yake, na humo akatoka jini, taratibu, kama moshi wa udi.

"Naam, bibi yangu. Amri yako."

"Kesho uwe Sultani, sura na sauti, na usitamke ila nitakayokufunza."

Akamfunza maneno yote ya mchezo, na maskini, kwa haraka zake, akayasahau maswali ya watazamaji.

Kesho yake jini akapanda jukwaani, na watu wakamwona Sultani wao hasa, kwa karibu, macho yake laini kama ya mtu aliye usingizini, na hakuna aliyecheka. Bibi kizee mmoja akasimama.

"Maulana, maji ya kisima chetu yamepelekwa bustanini kwako. Wajukuu wangu wanakunywa tope. Wajua?"

Jini kimya, kwani jibu hilo hakufunzwa.

"Mjibu!" watu wakapaza sauti. "Mjibu bibi wa watu!"

Naye Sultani wa kweli, aliyeketi mbele ya jukwaa, akijitazama pale juu hana la kusema, akaona aibu, akajikuta amesimama.

"Sikujua, mama, kwa kuwa sikuuliza. Maji yenu yatarudi leo."

Bibi kizee akacheka kwa furaha, akacheka mpaka machozi. Uwanja ukaingia baridi, na Zuwena akafumba macho.

"Mwacheni acheke," akasema Sultani. "Hakuchekeshwa na mchezo. Nimemchekesha mimi."

Mahfudhi akafunguliwa, akamwoa Zuwena kwa harusi ya siku saba, na Sultani akawatunza dhahabu na nyumba. Na funzo letu ni hili: mtawala atakaye kuijua sura yake asihangaike na wachezaji, awasikilize watazamaji.