Mikono ya Kung'oa Miiba

Hapo zamani, na msidhani watu wa zamani hizo walikuwa wema kuwashinda nyie, kijijini Mazoha aliishi Mwanamvua, mjamzito aliyetapika kila alichokula. Ugali ukiingia, ugali unatoka. Uji ukiingia, uji unatoka. Hata maji yalipita kusalimia tu. Kilichokubali kukaa tumboni ni kitunda cha manjano, kichachu, cha mmea alioupanda kaka yake, Hoza, pembeni mwa ua ili kuzuia nguruwe mwitu.

Mmea wenyewe kituko. Ni ndugu wa mpungate, una miiba ya ukoo wao, lakini umejivika majani kama mti wenye heshima zake. Tena unapanda! Uliupanda mfenesi wa uani, ukaukumbatia, ukaukaba mpaka mti ukakauka.

Mume wa Mwanamvua, Mbelwa, alinoa panga. "Leo naukata!"

"Ukate, kisha unizike," alisema Mwanamvua.

Panga likarudi darini. Kesho yake vilevile. Lilinolewa panga lile mpaka likabaki kisu.

Siku moja jirani yao, Bi Semeni, alisikia mfenesi ukilia: kwaa! Akamwona Mbelwa anaukwea, anamchumia mkewe. Lakini Mbelwa alikuwa amemcheka bibi huyo harusini, alipokula sahani ya bwana harusi, naye Bi Semeni akaapa hatamsemesha. Akafumba mdomo.

Mti ukaanguka. Mbelwa akafa, vitunda vimejaa kibindoni.

Na vile vitunda? Mwanamvua alivila, analia, anakula. Vilikaa tumboni.

Mtoto alizaliwa matanga hayajaanuliwa. Na mila ya Mazoha ilisema: kilichoua hung'olewa, na mwenye kosa huking'oa kwa mikono mitupu. Miiba ile ikishachoma, mikono huvimba, hutunga usaha, haishiki kijiko, seuze mtoto mchanga.

"Uliupanda wewe, baba," Bi Semeni alimwambia Hoza.

"Niliupanda uani, Bi Semeni, sikuupanda mtini! Aliyekataa usikatwe ni dada."

"Nilikuwa namlisha mpwa wako, kaka!" Mwanamvua alifoka. "Na aliyesikia mti unavunjika akanyamaza, je?"

"Kiapo ni kiapo, mwanangu. Nilisema simsemeshi mpaka aniombe radhi. Hakuniomba."

"Sasa ataombaje?"

Ndani, mtoto akaanza kulia. Mwanamvua akaitazama mikono yake. Baba wa mtoto hayupo. Mikono hiyo ndiyo iliyobaki. Akaificha ndani ya kanga, kama mtu aliyeiba.

Na mmea? Mfenesi umelala chini, mmea uko hai, unatoa maua meupe, ncha yake imeshaanza kupapasa paa la nyumba.

Haya, nyie mliokuwa mnacheka, mbona mmeinamisha vichwa? Mtoto analia. Je, mikono ya nani ilistahili miiba ile?