Jina la Mtoto wa Mashavu

Sogeeni mnisikilize, kisha mnihukumie, maana jambo hili mimi limenishinda.

Palikuwa na wanawake watatu. Bi Jokha, mkunga, alikuwa na masikio ya kusikia hata neno lisilosemwa. Mboja, muuza chumvi, alikuwa na miguu isiyojua kuchoka. Biubwa, msusi wa mikeka, hakuwa na sifa ila subira, na watu walimwona mjinga kwa hiyo.

Sasa Mashavu. Yeye na wifi yake Biubwa walikuwa wakisuka jamvi la msikiti. Siku moja Mashavu aliacha chetezo chenye moto kando ya jamvi, akaenda kupiga soga kwa jirani. Aliporudi, kazi ya miezi sita ilikuwa majivu. Watu walipouliza, akaropoka: "Haki ya Mungu, ni Biubwa!" Biubwa akazomewa mpaka akauhama mji.

Tangu hapo Mashavu hakutulia. Alifagia ua mara tatu kwa siku. Adhana ikilia, alitwanga kinu kitupu asiisikie. Jina la Mungu akaliacha kabisa. Alijiambia, nisipomwita hatageuka, na asipogeuka hataniona. Naye alikuwa na mimba ya miezi minane, akaona haya hata kumwombea mtoto. Aliogopa, maskini, aliogopa sana.

Bi Jokha alikuja kumkanda tumbo. "Utajifungua salama, inshallah," akasema.

"Tutaona," Mashavu akajibu. Akapiga chafya, bila alhamdulillahi. Mtoto akacheza tumboni, bila mashallah.

"Mwanangu, mbona humtaji Mungu? Umemficha nini?"

Mashavu akaangua kilio, akasema yote. "Bi Jokha, bila Biubwa kunisamehe, nitamwelekeaje Mungu?"

Mboja alipopewa habari na Bi Jokha, hakuuliza mara mbili. Alitua mzigo wa chumvi, akavuka mto uliofurika, maji kifuani, akatembea siku tatu mpaka alikohamia Biubwa, kwa shangazi yake. "Wifi yako anakwisha kwa haya," akamwambia. "Twende."

Biubwa angeweza kukataa, lakini alikwenda. Mashavu alipoisikia hodi yake, alijipenyeza uvunguni mwa kitanda na tumbo lake lote. Mnacheka! Biubwa hakucheka. Alilala sakafuni, akaingia humo humo.

"Wifi, sogea kidogo," akasema. "Mimi nimeshakusamehe. Na Mungu anakuona hata humu."

"Mungu wangu, ni mimi niliyelichoma jamvi!" Mashavu akapiga ukelele, mtaa mzima ukasikia. Kisha akatoka, akayarudia maneno hayo uani mbele ya watu, bila kujifunika uso.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Mashavu alikuwa ameahidi kumpa jina la aliyemtoa mafichoni. Siku ya saba wote watatu wakaketi mbele yake.

"Nisingesikia mimi, nani angejua?" akasema Bi Jokha.

"Ungejua tu, ukakaa nalo moyoni," Mboja akamjibu. "Mto aliuvuka nani?"

Biubwa akamtazama Mashavu. "Mara ya mwisho ulipolitaja jina langu mbele ya watu, nilizomewa. Nataka nilisikie tena kinywani mwako, safari hii kwa wema."

Mashavu akamkumbatia mtoto. Watu wanangoja, na jina ni moja tu. Haya, ninyi mliokaa hapo: mtoto huyu mngemwita nani?