Samaki Aliyelala Baada ya Zimwi

Paukwa!
Pakawa!
Wa mbele?
Nimekaa!
Wa nyuma?
Nasogea!

Basi, hapo kale palikuwa na zimwi likiishi katika pango la mwambani, karibu na kijiji cha wachokoa pweza. Halikuwa na mbio wala mitego. Lilikuwa na ulimi tu. Likilijua jina lako, likakuita mara tatu, miguu yako itakupeleka kwake, utake usitake. Ndiyo maana watu wakiwa ufukoni waliitana "wewe" na "mwenzangu".

Siku moja, maji yakiwa yamekupwa, Mize alikwenda kuchokoa pweza na mdogo wake. Mtoto akawa anacheza na kaa, akiitwa hasikii. Mize akapandwa na hasira.

"Sikudhani! Njoo ubebe kikapu!"

Alijiziba mdomo, lakini jina la mdogo wake lilikwisha toka. Kule mwambani sauti nzito ikaitika:

"Sikudhani! Sikudhani! Sikudhaniii!"

"Dada, nishike!" mtoto akalia. "Miguu hainitii!"

Mize akamshika mkono, naye akaburutwa mpaka pangoni. Zimwi likamnyang'anya mtoto, likamtupa ndani, likaziba mlango kwa jiwe, likaketi juu ya jiwe hilo.

"Maji yakijaa nitamla," likasema. "Mimi mchuzi wangu bahari."

Mize akaanguka kando ya kidimbwi, akalia. Mle majini akaona samaki wa kijani, samawati na waridi, utadhani kavishwa kanga za harusi. Mdomo wake kama wa kasuku. Alikuwa akitafuna mwamba: kwaru, kwaru, kwaru.

"Nyamaza, binti," samaki akanong'ona. "Mimi sina jina, zimwi haliwezi kuniita. Lakini linanisaka, na tangu nizaliwe sijapata usingizi. Wewe lizungumzishe. Mimi nitatoboa pango kwa chini."

Basi Mize akasimama.

"Zimwi wee, mbona mimi huniiti?"

"Jina lako nani?"

"Bahatisha!"

Zimwi likacheka. "Mwanakombo!"

"Silo."

Kwaru, kwaru, kwaru. Maji yakamfika Mize magotini.

"Bimtumwa!"

"Silo."

Kwaru, kwaru, kwaru. Maji yakamfika kiunoni.

"Mi... Mi..." Zimwi likakuna kichwa. Vidole vya miguu ya Mize vikaanza kucheza vyenyewe. "Mi... Mishi!"

"Silo!" akasema, pumzi zikimrudia.

Kwaru! Ukuta ukatoboka. Sikudhani akachomoka, akikohoa maji ya chumvi. Zimwi likamwona.

"Sikudhani! Sikudhani!"

Mtoto akasimama. Akageuka. Zimwi likapanua kinywa limwite mara ya tatu. Hapo samaki akaruka, akaingia kinywani mwake, akauuma ulimi. Kwaru! Ukakatika.

"Ba! Ba! Ba!" Zimwi likapiga mayowe, likamtema samaki, likatokomea kilindini. Halikuweza tena kumwita mtu.

"Tumepona, mdogo wangu!" Mize akalia.

"Tumepona, dada!"

"Tumepona!" Walicheka, wakalia, wakacheka tena.

Mama yao akaja mbio, kanga inamdondoka. Akawakumbatia, akayataja majina yao kwa sauti kubwa palepale ufukoni, "Mize wangu! Sikudhani wangu!" na hakuna sauti iliyoitika.

"Na huyu mwokozi wenu," akauliza walipokwisha kumsimulia yote, "tumwite nani?"

Mize akainama majini. "Tumwite Pono, mama. Ametuponya."

Samaki alikuwa amelala fofofo kati ya mawe. Sikudhani akamgusa pezi, hakushtuka. Wakamwacha alale, wakaenda nyumbani polepole, wameshikana mikono. Hadi leo mtu akilala sana husemwa ana usingizi wa pono.

Hadithi yangu naishusha hapa, atakaye ajitwike. Na ninyi mjue: hasira ikikupanda, uzuie ulimi wako, na aliyekutoa hatarini, hata akiwa mdogo asiye na jina, mpe heshima yake.